Nyumba Njema si Mlango

Nyumba ina viungo vya namna mbili: vinavyoonekana na vilivyofichika. Vinavyoonekana ni paa, kuta, milango na madirisha. Hivi husifiwa na wapita njia, na mwenye nyumba huvioga kwa rangi kila apatapo fedha. Vilivyofichika ni msingi ulio chini ya ardhi, nyaya zilizo darini na mabomba yaliyo ndani ya kuta. Hivi havisifiwi na mtu, wala havikumbukwi mpaka siku vinapokataa kazi. Wahenga walituonya kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nataka, msomaji, nikufungulie nyumba moja ya Nakuru, nikuingize, kisha nikupeleke mbali zaidi ya walikofika wahenga: ndani ya ukuta wenyewe. Huko nilijifunza somo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa maneno miaka 22, lakini sikuwa nimelijua.

Nyumba ninayoisema ni ya mawe, yenye paa la mabati mekundu, katika mtaa wa zamani upande wa mlima Menengai. Ilijengwa katika miaka ya 1950. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka wa 1900, na mji ukaota kando ya stesheni kama nyasi kando ya chemchemi. Hata kufikia miaka hiyo ya 1950 ulikuwa mji wa soko, wa garimoshi na wa wakulima wa kizungu waliomiliki mashamba ya pande zote. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wengi wao waliuza na kuondoka. Baba yangu, aliyekuwa karani wa reli, aliinunua nyumba hiyo mwaka wa 1968 kwa mkopo aliouleta nyumbani kwa furaha na kuulipa kwa jasho.

Mama yangu alikuwa amekulia karibu na mto Njoro, utokao katika msitu wa Mau na kuteremka hata ziwa Nakuru. Utotoni mwake alijitwisha maji mara mbili kila siku, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alipoufungua mfereji wa jikoni katika nyumba mpya, aliyaacha maji yapite juu ya mikono yake muda mrefu, kisha akamgeukia baba akamwambia, "Leo mto umekuja nyumbani." Nilikuwa mtoto mdogo, lakini neno hilo lilisimuliwa mara nyingi katika nyumba yetu hata nikahisi kuwa nililisikia mwenyewe.

Baba alifariki mwaka wa 2009. Mama akabaki katika nyumba ile pamoja na mjukuu wake. Ilipofika mwaka wa 2016 nyumba ilikuwa imezeeka waziwazi. Rangi ilibanduka, sakafu ya mbao ililalamika chini ya miguu, na asubuhi maji ya mfereji yalitoka yakiwa na rangi ya chai, yakatakata baada ya kuachwa kitambo. Mtu akifungua maji jikoni, yule aliye bafuni alibaki na povu mwilini. Mimi na ndugu zangu tulichanga fedha ili tuitengeneze nyumba, nami, kwa kuwa nilikaa karibu, nilikabidhiwa usimamizi.

Nilimwita fundi mmoja mzee, aliyejulikana mtaani kwa kazi safi na maneno machache. Alifungua mifereji yote, akatazama, akaweka sikio ukutani kama daktari, kisha akaniambia, "Mwalimu, mabomba haya yamechoka. Ukitaka ushauri wangu, yatoe yote sasa, kabla hujapaka rangi."

Nikamtazama, nikajisemea moyoni: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Fundi wa mabomba atasema nini ila mabomba yabadilishwe? Basi nilimwambia abadilishe kipande kimoja tu cha bafuni kilichokuwa kikidondoka, nacho kilizibika siku ileile. Fedha zilizobaki nilizitia katika rangi, vioo na bati jipya la baraza. Nyumba ikang'aa. Wageni wakaja wakaisifu, nami nikazipokea sifa zile kana kwamba ni haki yangu.

Sasa nikupeleke mbele miaka miwili. Mvua za masika ya mwaka wa 2018 zilikuwa kali kupita kiasi. Mwezi wa Machi ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu, ikaikata barabara iendayo Narok, na picha za mpasuko ule zikaenea duniani. Wataalamu wengi walieleza kuwa nyufa za kale za Bonde la Ufa zilikuwa zimejazwa majivu laini ya volkano, na kwamba maji ya mvua yaliyasomba majivu hayo hata ardhi ya juu ikakosa kitu cha kuishikilia. Kisha, usiku wa 9 Mei, bwawa lilipasuka huko Solai, upande wa kaskazini wa Nakuru, likaua watu zaidi ya 40. Mwaka ule kila mtu wa kwetu aliyaogopa maji yatokayo mbinguni. Hapana aliyeyawaza maji yapitayo ukutani.

Mwishoni mwa mwezi huo wa Mei mama aliniita. Pembe ya chumba chake ilikuwa imetitia, na ufa wenye upana wa kidole ulipanda kutoka sakafuni hata dirishani. Chini ya kitanda, katika pembe ile, lilikuwapo sanduku la mbao. Ndani yake mama alikuwa ameweka barua zote ambazo baba alimwandikia alipokuwa akihamishwa kutoka stesheni moja hata nyingine, stakabadhi za mkopo wa nyumba, na picha ya pekee ya harusi yao. Mbao zilikuwa zimefyonza maji kimyakimya, labda kwa miezi mingi. Tulipofungua, barua zilikuwa zimeshikamana kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Wino ulikuwa umeyeyuka, na picha ilikuwa imebaki na bega moja na ua.

Mama hakulia. Alitandika leso juani, akaanza kuzibandua karatasi moja moja na kuzianika, ingawa nyingi hazikuwa na neno tena. Akaniuliza bila kunitazama, "Maji haya yametoka wapi, mwanangu?"

Nikajibu, "Ni mvua, mama."

Nilijibu upesi, kama mtu ajuaye. Msomaji, jihadhari na majibu yajayo upesi pale ambapo jibu la kweli lingekugharimu.

Mvua ziliisha. Mwezi wa Julai nyasi zilianza kukauka, vumbi likarudi barabarani, lakini ukuta wa chumba cha mama ulikuwa ungali na jasho. Mvua gani hii inyeshayo ndani ya nyumba wakati mbingu ni nyeupe? Ndipo nilipomrudia fundi mzee. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema, "Leo tusikisie, tupime."

Alinifundisha majaribio mawili, nami nakupa wewe, kwa kuwa hayahitaji chombo cha gharama. La kwanza ni la mita. Chagua usiku ambao maji ya mji yanatoka. Watu wote wakisha kulala, funga mifereji yote, hakikisha kuwa hakuna tangi linalojaa, kisha andika tarakimu za mita. Alfajiri, kabla mtu hajagusa mfereji, zisome tena. Zikiwa zilezile, mabomba yako yanashika maji. Zikiwa zimesogea, kuna mnywaji usiyemjua. Sisi tuliisoma mita saa nne usiku, tukaisoma tena saa kumi na moja alfajiri. Katika muda huo wa saa saba, lita 210 zilikuwa zimepita, na hapana mtu aliyekunywa hata kikombe. Piga hesabu: ni lita 30 kwa saa, au lita 720 kwa siku moja. Mtungi wa lita 20 ungejazwa mara 36. Nilipomweleza mama hesabu hii, alifumba macho. Msichana yule wa mto Njoro, aliyejitwisha mara mbili kwa siku, angetembea siku 18 kuyabeba maji ambayo nyumba yake iliyamwaga kwa siku moja.

Jaribio la pili ni la mtungi na saa. Karibu na mita, mtungi wa lita 20 ulijaa kwa dakika moja na nusu. Jikoni ulijaa kwa dakika sita. Maji ni yaleyale, mji ni uleule, ila kati ya mita na jikoni kulikuwa na kizuizi kilichoyapunguza maji hata yakabaki robo. Basi tulikuwa na maradhi mawili katika mwili mmoja: mabomba yalivuja mahali yasipotakiwa kutoa maji, na yaliziba mahali yalipotakiwa kuyatoa.

Fundi alivunja ukuta kidogo, akakata kipande cha bomba cha urefu wa shubiri, akanipa mkononi. Kwa nje kilikuwa kikavu na kizima, hata mtu angekisifu. Kwa ndani kilijaa vinundu vya kutu, vyekundu na vyeusi, kama koo lenye uvimbe. Bomba lililopaswa kuingiza kidole gumba lilikuwa limebaki na tundu lisilopitisha kalamu.

Hapa ndipo nilipoona haya, maana mimi ni mwalimu wa sayansi. Kwa miaka 22 nimewaonyesha wanafunzi misumari iliyotiwa katika chupa tatu: mmoja katika hewa kavu, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, na mmoja katika maji yenye hewa. Ule wa tatu ndio ushikao kutu, nao wanafunzi huandika daftarini kuwa kutu huhitaji maji pamoja na oksijeni. Niliwapa alama kwa jibu hilo. Lakini sikuwaza hata siku moja kuwa nyumba ya mama yangu ni chupa ya tatu.

Mabomba ya zamani katika nyumba za namna ile ni ya chuma kilichochovywa katika zinki. Zinki ni mlinzi mwaminifu: huliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Lakini mlinzi huyu hapati nguvu mpya. Akiisha, chuma hubaki uchi mbele ya maji. Kutu hushika nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bomba huliwa na papo hapo huziba. Aghalabu uvujaji huanza kwenye maungio, kwa kuwa fundi wa kwanza alichonga hesi pale, akaupunguza unene wa bomba. Mabomba ya namna hii husemwa kuwa huishi miaka 40 au 50, pengine zaidi, pengine pungufu, kwa kadiri ya maji yapitayo ndani yake. Tena katika miji ambayo maji hutolewa kwa zamu, kama ilivyo kwetu, bomba hujaa leo na kukauka kesho. Hewa huingia, nayo hewa ni chakula cha kutu. Bomba lililotoboka na kukauka huweza pia kuvuta uchafu wa udongoni, kisha likauleta jikoni siku maji yanaporejea.

Na udongo wetu, kama ujuavyo, ni majivu ya volkano. Ukikauka ni imara. Ukilowa daima husombwa punje kwa punje. Pembe ya chumba cha mama ilititia kwa sababu ileile iliyopasua ardhi ya Mai Mahiu, ila mto uliofanya kazi hiyo ulikuwa wetu wenyewe, nasi tulikuwa tukiulipia kila mwezi.

Jioni ile nilimrudia mama, nikamwambia, "Mama, haikuwa mvua. Ni bomba. Fundi aliniambia mwaka wa 2016, nikakataa." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi sasa umejua. Fanya kazi ya mtu ajuaye." Hakuongeza neno, nami sikupata adhabu kubwa kuliko hiyo maishani mwangu.

Tulikutana ndugu watatu mbele ya mama ili tukate shauri. Nataka usikie hoja za kila mmoja, maana hapana aliyesema upuuzi. Kaka yangu mkubwa alisema, "Fedha ni chache. Bomba lililovuja ni moja. Tulibadilishe hilo, tuuzibe ufa, na mengine tuyangoje." Dada yetu alisema, "Nyumba imekwisha. Tung'oe kila kitu kilicho cha kale, mabomba ya maji safi na ya maji machafu, choo na bafu, tuanze upya." Mimi nilikuwa katikati, lakini safari hii nilikuwa na kipande cha bomba mkononi.

Nilikiweka mezani, nikamwambia kaka, "Kaka, mabomba haya yote yalitiwa siku moja, yakanywa maji mamoja. Lisilovuja leo limechelewa tu." Fundi akaongeza jambo ambalo sikulijua: ukilikaza spana bomba la kale ili uunge jipya, mtikisiko hufika kwenye maungio ya mbali yaliyokuwa yameshikwa na kutu tu. Kiraka huzaa kiraka. Huenda hata kiraka changu cha mwaka wa 2016 ndicho kilichouamsha ugonjwa wa chumba cha mama. Kisha tukahesabu. Bei ya mabomba yenyewe ilikuwa kama sehemu moja katika tano ya gharama. Sehemu nne zilikuwa za kuvunja ukuta, kuufunga, kupiga lipu na kupaka rangi. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa sharti ufunguliwe kwa vyovyote. Kuufungua leo kwa bomba moja, na kuufungua tena mwakani kwa bomba la pili, ni kununua kazi ileile mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiuziba ufa huku bomba likivuja nyuma yake, utauziba na ukuta utaujenga.

Lakini dada naye hakushinda kwa yote. Fundi aliyafunua mabomba ya maji machafu yaliyopita chini ya ua. Yalikuwa ya chuma kizito cha kusubu, yenye umri uleule, nasi tulikuwa tayari kuyahukumu. Akamwaga maji ya ndoo tano, akatazama katika shimo la mwisho: yote yalipita, bila kituo wala mnuko. Akayagonga kwa nyundo, yakalia kama kengele. Tukayaacha. Uzee peke yake si kosa. Kosa ni ubovu, na ubovu hujulikana kwa kupimwa. Mtu atupaye kila cha kale hana tofauti na yule ashikaye kila cha kale, maana wote wawili wamejiepusha na kazi ya kutazama.

Mama alikuwa na swali moja. Mjukuu wake, kama watoto wengi wa Bonde la Ufa, alikuwa na meno yenye madoa ya rangi ya kahawia. "Je, mabomba mapya yatayafanya meno ya watoto kuwa meupe?" Ningalipenda kumjibu ndiyo, lakini nilikuwa nimekoma majibu ya upesi. Doa la sinki na doa la jino hufanana rangi, lakini hayana mama mmoja. La sinki ni kutu ya bomba. La jino ni floridi, madini ambayo maji ya chini ya ardhi huyachukua kutoka katika miamba ya volkano kabla hayajafika bomba lolote. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa hukipita. Bomba jipya haliiondoi floridi, wala kuyachemsha maji hakuiondoi. Kuchemsha huyapunguza maji na kuiacha floridi nyuma. Iko njia ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliieneza kwa miaka mingi. Basi tulipanga kuwa maji ya kunywa ya mtoto yachujwe kwa namna hiyo, au yawe ya mvua yaliyokingwa vizuri. Dawa ya ugonjwa mmoja usiinunue kwa ajili ya mwingine.

Mwisho wa shauri mama alisema, "Rangi itangoja. Vigae vitangoja. Maji yasingojwe tena." Basi tukaondoa rangi, vigae na kabati la jikoni katika orodha, tukabakiza mabomba yote ya maji safi na msingi wa pembe iliyotitia.

Kazi ilichukua majuma matatu. Mabomba mapya yalikuwa ya plastiki ngumu, ambayo huunganishwa kwa kupashwa moto, kiasi cha digrii 260, hata vipande viwili vikawa kimoja. Fundi mzee alikuwa bingwa wa spana na hesi. Ufundi huu mpya ulikuwa mikononi mwa kijana aliyemfundisha kazi, naye mzee hakuona haya kumpisha. Alibaki akiangalia mambo ambayo moto haujui: bomba lisipite juani bila kufunikwa, maana jua huila plastiki, kila chumba kiwe na koki yake, ili siku ya hitilafu moja nyumba nzima isikose maji, na shaba isiungwe na chuma cha zinki ana kwa ana, kwa kuwa metali mbili zikikutana majini moja huila nyingine.

Kabla ya kuzifunga kuta, aliyajaza mabomba maji kwa pampu ya mkono yenye saa ya shinikizo, akatuambia tukalale. Asubuhi mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Walipitia kila ungio kwa tochi, wakaona tone moja nyuma ya mlango wa bafu. Kijana akalikata ungio lake, akaliunga upya. Usiku wa pili mshale haukusogea. Ndipo lipu ikapigwa. Laiti tungalizifunga kuta siku ya kwanza, tone lile lingalikuwa mwanzo wa sanduku la pili.

Jambo la mwisho nililifanya mwenyewe. Mabomba ya kwanza hayakuwa na ramani. Tuliyatafuta ukutani kama vipofu. Nikachora kila chumba, kila bomba, kina chake ukutani na koki yake, nikaandika mwaka wa 2018 na aina ya mabomba. Nakala moja iko pamoja na hati ya nyumba, na nyingine imebandikwa ndani ya mlango wa stoo. Mtu atakayeifungua nyumba ile baada yetu, awe wa damu yetu au mgeni, hatakuwa na haja ya kubahatisha.

Wewe, msomaji, pengine huna nyumba bado. Lakini utarithi, kama sote turithivyo, vitu vilivyojengwa na wengine: shule, barabara, mji, hata nchi. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka wa 1870 hata 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi, nao wakashukuru. Kuleta maji ni tendo la mtu mmoja na siku moja ya sherehe. Kuitunza njia yake ni kazi ya kila kizazi, nayo haina sherehe. Katika mji wa Flint, nchini Marekani, mwaka wa 2014, watawala waligeuza chanzo cha maji ili kuokoa fedha, bila kuyatia dawa ya kuzuia maji mapya yasiyale mabomba ya kale. Risasi iliyokuwa katika mabomba ikaingia katika vikombe vya watoto. Wakazi walipolalamika kuwa maji yana rangi na harufu, waliambiwa upesi kuwa ni salama. Unaona kuwa jibu langu kwa mama lina ndugu katika nchi za mbali.

Kwa hiyo siku utakapoulizwa kama kitu cha kale kibadilishwe au kiachwe, usijibu kwa kupenda upya, wala kwa kuogopa gharama. Kipime kwanza, kisha utazame kama ukuta umefunguliwa. Ukiwa umefunguliwa, usiufunge juu ya ubovu unaoujua.

Mama angali anaishi katika nyumba ile. Rangi ya kuta zake bado ni ile ya mwaka wa 2016, imefifia, na wageni hawaisifu tena. Asubuhi hufungua mfereji, na siku ya zamu yetu maji hutoka meupe, kwa nguvu, jikoni na bafuni kwa wakati mmoja. Zile karatasi alizozianika juani amezirudisha katika sanduku, ambalo sasa liko juu ya kabati. Nyingi ni nyeupe, hazina neno. Siku moja nilimuuliza kwa nini anazitunza. Akasema, "Mimi nayajua yaliyokuwamo. Nazitunza ili wewe usisahau."